Jinsi ya kuziba kasoro ya ImageIO katika iPhone na Mac za zamani

Tarehe 20 Agosti 2025 Apple ilitoa sasisho la kuziba kasoro yenye namba CVE-2025-43300, iliyokuwa ndani ya ImageIO, yaani sehemu ya mfumo endeshi inayosoma faili za picha kwa niaba ya programu nyingine. Picha iliyotengenezwa kwa hila iliweza kuifanya sehemu hiyo iandike data nje ya nafasi ya kumbukumbu iliyotengewa, na Apple ilieleza kwamba huenda kasoro hiyo ilikwisha kutumiwa dhidi ya watu maalumu waliolengwa. Kuonywa kutofungua picha za mtu usiyemfahamu hakutoshi hapa, kwa kuwa mfumo unaweza kuisoma picha ili kuonyesha kijipicha chake kabla mwenye simu hajaigusa.

Kwa wakazi wa Lubumbashi wanaonunua simu zilizokwisha tumika, kazi ya kwanza ni kutazama toleo la mfumo endeshi, tena ikiwezekana mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Katika simu iliyowekwa kwa Kifaransa, fungua « Réglages », kisha « Général », kisha « Informations ». Kuanzia iPhone XS na XR, toleo liwe 18.6.2 au la baadaye. iPhone 8, 8 Plus na X zilizibwa mnamo Septemba 2025 kwa toleo la 16.7.12, na iPhone 6s, 7 na SE ya kwanza kwa 15.8.5. iPhone 6 na 5s hazikupata sasisho hilo, na mimi nisingemshauri mtu kuzinunua leo kwa bei yoyote. Kwenye Mac, tafuta toleo la mfumo liitwalo Sequoia 15.6.1, Sonoma 14.7.8, Ventura 13.7.8 au la juu zaidi.

Toleo likiwa la nyuma, hifadhi kwanza nakala ya picha na namba zako, unganisha simu na Wi-Fi, kisha rudi kwenye « Général » na uchague « Mise à jour logicielle », ambapo ukubwa wa faili huonekana kabla ya kupakua, jambo la maana kwa anayenunua mega kwa kipimo. Jaza betri kabisa kabla ya kuanza, maana umeme unaweza kukatika katikati ya kazi. Ukipitia kompyuta, faili huwa kubwa zaidi. Huko bonyeza « Mettre à jour », kamwe si « Restaurer », ambayo hufuta kila kitu.

Sasisha pia WhatsApp ya iPhone hadi 2.25.21.73 au zaidi, kwa kuwa toleo hilo liliziba kasoro nyingine ambayo huenda ilitumiwa pamoja na hii. Mwandishi wa habari au mtetezi wa haki za binadamu aliye na iOS 16 (mfumo endeshi wa iPhone) au zaidi awashe na « Mode Isolement », yaani hali inayobana baadhi ya kazi za simu ili kuzuia mashambulizi, ndani ya « Confidentialité et sécurité ». Hata hivyo, hali hiyo bado huruhusu baadhi ya picha kupita, kwa hiyo haichukui nafasi ya sasisho.