Theluji ya Buffalo: gari huandaliwa Oktoba

Buffalo, jimbo la New York, iko kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie. Ziwa likiwa halijaganda, upepo wa baridi huvuka juu yake, huzoa mvuke na kuumwaga mjini ukiwa theluji. Mtaa mmoja unaweza kubaki mkavu, wa pili ukafukiwa. Novemba 2022, Orchard Park, kusini mwa mji, ilipata karibu mita 2 kwa siku chache tu. Ndiyo maana gari huandaliwa Oktoba.

Kama hela inatosha kitu kimoja, nunua matairi ya baridi, yale yenye alama ya mlima na chembe ya theluji ubavuni. Mpira wa tairi la kiangazi hukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, hata lami ikiwa kavu. Funga yote 4. Ukifunga ya mbele tu, nyuma itachomoka kwenye kona na gari litajigeuza. Kina cha mistari kikibaki chini ya milimita 4, tairi hilo kwenye theluji ni kipara. Upepo wa tairi nao hushuka kama PSI 1 kwa kila nyuzi 5 au 6: tairi lililojazwa 33 kwenye karakana yenye joto utalikuta na 28 hivi baridi ikifika -10.

Kwenye -18 betri hupoteza karibu nusu ya nguvu, na oili iliyoganda nusu inaifanya stata ihangaike. Betri ikilala usiku ikaamka chini ya volti 12.4, ichaji kisha ikapimwe. Kulanti, kimiminika cha kupoza injini, changanya na maji nusu kwa nusu, itavumilia hadi -37. Kulanti tupu huganda mapema zaidi, wengi hawaamini. Maji ya waipa yawe ya kuhimili -29.

Asubuhi, fagia theluji mpaka juu ya paa, la sivyo ukishika breki ya kwanza yote itateremkia kioo cha mbele. Usimwagie kioo maji ya moto, kitapasuka. Ukungu ndani? Washa hita pamoja na AC, maana AC hukausha hewa.

Barabarani acha nafasi ya sekunde 8 hadi 10. Madaraja huganda kwanza kwa sababu baridi hupita juu na chini yake. Gari lenye ABS, mfumo unaozuia matairi yasikwame ukifunga breki, kanyaga breki na usiachie, hata pedali ikitetemeka mguuni. Nyuma ikiteleza, achia mafuta, elekeza usukani unakotaka kwenda. Fo-wili inasaidia kuondoka, kusimama haisaidii.

Aliyezoea matope ya masika ana kosa lake: akikwama anakanyaga mafuta. Kwenye theluji, tairi linalozunguka bure huiyeyusha, inaganda tena kuwa barafu, na shimo linateleza kama kioo. Chimba kwa koleo, mwaga mchanga mbele ya matairi yanayovuta, kisha ondoka taratibu kwa giya ya pili.

Ukishindwa, baki garini. Kabla ya kuwasha injini, fukua bomba la moshi: likizibwa, kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, huingia ndani na kuua waliolala. Washa dakika 10 kwa saa, dirisha la upande usio na upepo likiwa wazi kidogo, na ufukue bomba upya kila mara. Tangi liwe nusu au zaidi tangu nyumbani. Kitambaa chekundu kifunge kwenye antena, ili dereva wa katapila la theluji akuone kabla hajakufikia.