Kuotesha madini ya mfupa juu ya titani: namna tunavyofanya maabarani

Wanafunzi wanaokuja kwetu kufanya utafiti wa vipandikizi vya mifupa huwa na haraka ya kufika kwenye hadubini. Mimi ndiye fundi sanifu ninayewaandalia kemikali, na kila mara huwarudisha kwenye mizani na chupa, maana huko ndiko kazi hii inakoharibikia.

Titani hupatana na mfupa; Msweden Per-Ingvar Brånemark aliitumia kushikilia meno ya mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Ila mfupa huchukua muda kuikamata metali, na kipandikizi kikilegea mgonjwa hupasuliwa tena. Hilo linaniuma, ndiyo maana naipenda njia ya watafiti Tadashi Kokubo na wenzake wa Kyoto, Japani: uso wa titani hutibiwa kwa alkali na joto, kisha apataiti, yaani madini ya mfupa, huota juu yake ndani ya maji ya chumvi. Haihitaji mashine ya kupulizia plazma (gesi ya moto sana inayorushia metali utando), na kwa mtu mwenye tanuri na uvumilivu inawezekana.

Anza na kipande cha titani safi cha milimita 10 kwa 10, unene milimita 1. Kisugue kwa msasa namba 400, kisha kioshe kwa asetoni, kwa ethanoli, na mwisho kwa maji yaliyokenekwa. Baada ya hapo usikiguse kwa vidole; tumia koleo ndogo ya plastiki.

Tengeneza sodiamu haidroksaidi ya moli 5 kwa lita: gramu 20 ziyeyushwe, ujazo ufike mililita 100. Tia chembe ndani ya maji kidogo kidogo, kwani myeyusho huchemka wenyewe. Vaa miwani na glavu. Ukirukia jicho unaweza kulipofua. Tumia chupa ya plastiki yenye kifuniko, kwa kuwa alkali hii hula kioo. Zamisha kipande kwa saa 24 katika nyuzi 60 za Selsiasi, kisuuze taratibu, kikauke kwa nyuzi 40. Kisha tanuri: pandisha nyuzi 5 kwa dakika hadi 600, kaa hapo saa moja, na uache kipoe humohumo. Sasa uso wake umekuwa titaneti ya sodiamu.

Kinachofuata ndicho kinachotaka umakini kuliko vyote: maji yanayofanana na majimaji ya damu kwa chumvi zake. Weka mililita 700 za maji yaliyokenekwa kwenye bika ya plastiki, nyuzi 36.5, yakikorogwa. Kwa lita moja, tia kwa mpangilio huu, kila kimoja kiyeyuke kabisa kabla ya kingine: NaCl gramu 8.035; NaHCO3 0.355, KCl 0.225, K2HPO4·3H2O 0.231, MgCl2·6H2O 0.311, kisha asidi hidrokloriki ya moli 1 kwa lita, mililita 39, CaCl2 0.292, Na2SO4 0.072.

Mbona asidi kabla ya kalsiamu? Kwa sababu fosfeti (kutoka K2HPO4) imo tayari, na zikikutana pasipo asidi zitaganda papo hapo kwenye maji badala ya kusubiri titani. CaCl2, yaani hiyo chumvi ya kalsiamu, nayo hunyonya unyevu wa hewa: ipime upesi, la sivyo utakuwa unapima maji. Ongeza maji hadi karibu mililita 900, kisha Trisi (kemikali ya kutuliza pH, yaani kipimo cha uasidi), gramu 6.118, kidogo kidogo, jicho likiwa kwenye kipima pH. Isipite 7.45, irekebishe kwa matone ya asidi ile ile hadi 7.40. Soma pH ikiwa nyuzi 36.5, kwani pH ya Trisi hubadilika na joto. Myeyusho ukipoa, jaza maji hadi lita moja.

Maji lazima yawe maangavu kabisa. Yakiwa na ukungu, hata kidogo, mwaga. Najua inauma baada ya kazi ya asubuhi nzima, lakini hakuna dawa ya kuyaokoa. Yaliyo safi yahifadhi kwenye jokofu, nyuzi 5 hadi 10, yasipite siku 30.

Ujazo wa maji haya wa kuzamishia kipande hupatikana kwa kugawa eneo la uso (milimita za mraba) kwa 10. Kipande chetu kina 240, hivyo mililita 24. Funika, weka nyuzi 36.5. Sodiamu itatoka kwenye uso, ioni za hidrojeni zichukue nafasi yake, uso uwe na chaji hasi, uvute kalsiamu, kisha fosfeti ifuate. Apataiti huota yenyewe, ikishikana na titani iliyo chini yake. Kagua kila wiki, hadi wiki nne.

Weka pia kipande kisichotibiwa kwenye chupa yake. Kama nacho kimejaa utando, tilia shaka maji yako. Ukipima kwa eksirei, uwiano wa kalsiamu na fosforasi ukiwa chini kidogo ya 1.67 usishtuke, apataiti ya mfupa nayo si haidroksiapataiti kamili. Na vipande hivi vyote ni vya majaribio tu, kamwe visiingie mwilini mwa mtu.