Somo: Kutoa upepo kwenye shokapu za oili za gari la rimoti

Gari likitua kutoka kwenye tuta likadunda mara tatu kabla ya kutulia, wengi hukimbilia oili nzito. Nilifanya hivyo msimu mzima: kutoka namba 30 hadi 40, kisha 50, na nyuma ya gari ikaendelea kuruka ovyo kwenye moramu. Oili haikuwa na kosa. Upepo ulikuwa umejificha chini ya pistoni, kile kisahani chenye vitundu kinachopanda na kushuka ndani ya oili. Oili haibanwi, upepo hubanwa. Pistoni ikipita kwenye mapovu haikuti ukinzani, na hapo shokapu inabaki springi tupu.

Somo hili ni la shokapu zenye kiwambo cha mpira chini ya kifuniko, zile za magari mengi ya kipimo cha 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi.

Safisha kwanza. Hapa Kampala vumbi jekundu huingia kila mahali, na chembe moja ikishuka ndani itakwaruza shafti, ule ufito unaoishika pistoni. Piga burashi, futa kwa kitambaa, ndipo utoe springi na kufungua kifuniko. Mwaga oili ya zamani. Ikiwa imegeuka kijivu, ilishachoka siku nyingi.

Vuta shafti mpaka mwisho wa chini, ujaze oili ya silikoni robo tatu. Sasa ipandishe na kuishusha pistoni polepole, mara 10 hivi. Utaona mapovu yakichomoka kwenye vitundu vyake. Usiipandishe ikatokeza juu ya oili, maana itameza upepo mpya na kazi inaanza upya.

Kisha ziache shokapu zitulie. Wengi hukosea hapa kwa haraka. Shafti ikiwa chini, simamisha shokapu wima dakika 10 hadi 15; oili nzito inataka zaidi. Mimi nimetoboa boksi la kadibodi matundu manne, nazitumbukiza shafti humo zote kwa pamoja, naenda kunywa chai. Nikirudi, mapovu madogo yamepanda juu. Yaliyobaki nayafyonza kwa bomba la sindano la duka la dawa.

Ongeza oili mpaka ukingoni. Laza kiwambo kwa kuanzia upande mmoja, kisikandamize upepo chini yake. Shikiza kifuniko kwa mizunguko miwili tu, sukuma shafti ndani taratibu, oili ya ziada itoke pembeni, kisha kaza huku umeishikilia. Ukifunga shafti ikiwa ndani yote, haitarudi yenyewe; ukifunga ikiwa nusu, itarudi kiasi. Chagua unachopenda, ila kushoto na kulia zilingane.

Ijaribu karibu na sikio. Ikilia "chwi chwi", upepo bado umo. Ikigoma kabla ya kufika mwisho, oili imezidi: legeza kifuniko, punguza.

MASWALI YA WANACHAMA

Wa Jinja: Mwalimu, oili ya silikoni ni taabu kupata. Je, niweke ya injini ya bodaboda?

Jibu: Usiweke, ndugu yangu. Hiyo hulainika sana ikipata joto, gari la asubuhi si gari la saa nane mchana, na inaweza kuvimbisha oringi, ule mpira wa duara unaozuia oili kuvuja kwenye shafti. Changeni watatu wanne muagize chupa moja. Mkiagiza, tazameni kipimo cha cSt (sentistoksi, kipimo halisi cha uzito wa oili), kwa sababu namba 30 ya kampuni moja si lazima iwe 30 ya nyingine.

Wa Mbale: Zangu hazina kiwambo kabisa. Nimepoteza?

Jibu: Hapana kaka, zimeundwa hivyo. Shafti ikiingia inahitaji nafasi, na upepo kidogo ndio unaoitoa. Toa ziada kupitia skrubu ya kifuniko, na kabla ya kukimbia zisukumesukume zote ili upepo uchanganyike sawasawa na oili.

Wa Gulu: Nilifuata yote. Betri mbili tu, sauti imerudi.

Jibu: Pitisha kidole chini ya shokapu. Kukiwa na unyevu, oringi imekatika: oili inatoka, upepo unaingia. Kagua pia mikwaruzo kwenye shafti. Ukiweka oringi mpya, paka oili kwenye nyuzi za skrubu zilizo kwenye ncha ya shafti kabla ya kuipitisha, kwani nyuzi hizo ndizo huikata mara nyingi.