Mbwa wa geti na neno moja

Wenye mbwa wa ulinzi hapa Malindi, kubalianeni maneno kwanza. Nilikokuwa askari, bosi Mwitaliano alisema "seduto", yaani keti kwa Kiitaliano, mpishi "keti", mimi "kaa chini we!" Mbwa anatutazama, kisha huyoo, anaenda kulala chini ya mwarobaini. Tukamwita mjinga, masikini.

Tukaafikiana "keti". Kosa jingine! Kutwa watu wanaita "geti! geti!", na mbwa kila akisikia, kitako chini, gari linapiga honi. Tukahamia "chini", likakaa. Tafuta neno fupi lisilofanana na yanayosemwa kila saa, litamke mara moja, subiri, akitii tu mpe kipande cha samaki kisicho na miba. Ukisema "chini chini chini" atazoea kungoja la tatu.

Na sauti iendane na neno. Mwaka 2016 watafiti wa Hungaria walipima ubongo wa mbwa kwa mashine: sehemu inayofurahia zawadi ilichangamka zaidi neno la sifa lilipotamkwa kwa sauti ya sifa. "Vizuri" ya kununa haimfikii. Nasi tunaokwepa mate yake, hatuna haja ya kumshika, mdomo watosha.