Kabla ya Kihisi cha Mwanga Kuingia Mshipani: Mambo ya Kuzingatia

Haya yanawahusu wauguzi na mafundi wa vifaa vya hospitali, hasa wa huku kwetu Malindi na Lamu, ambako mashine nyingi hufika kama msaada na mwenye kuzielewa hafiki nazo.

Kihisi chenyewe, kinachopima oksijeni, kabonidioksidi na asidi ya damu ndani ya mshipa, ni uzi mwembamba unaopitisha mwanga, unene wake kama nusu milimita. Hupitishwa ndani ya kanula (mrija mwembamba) iliyokwisha kuwekwa kwenye ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, mara nyingi ya kifundo cha mkono. Kwenye ncha pana rangi inayong'aa inapomulikwa. Oksijeni ikiwa nyingi mng'ao hufifia, ikipungua mng'ao huzidi, na mashine husoma tofauti hiyo. Rangi nyingine hubadilika kwa kiwango cha asidi, na kwa njia hiyo hupatikana pH (kipimo cha asidi) na kabonidioksidi. Lübbers na Opitz walionyesha huko Ujerumani mwaka 1975 kwamba inawezekana kupima gesi kwa mwanga namna hii, na kufikia miaka ya 1980 vihisi vya aina hii vilikuwa vikijaribiwa ndani ya mishipa ya wagonjwa. Faida yake ni kwamba huhitaji kuchota damu kila saa ndipo ujue mgonjwa anaendeleaje. Namba ziko mbele yako muda wote, na hapo ndipo watu wanapojisahau.

Uliza vihisi kabla ya kuuliza mashine. Kila kihisi ni cha mgonjwa mmoja na kina tarehe ya mwisho ya kutumika. Baadhi ya mifumo hii ilikwisha kutoka sokoni, na skrini isiyo na vihisi ni meza ya kuwekea mafaili.

Umeme. Kabla ya kuingizwa, kihisi hupimwa kwanza kwa gesi ambazo kiwango chake kinajulikana, na kazi hiyo huweza kula nusu saa. Usianze kama hujui betri inadumu kiasi gani na jenereta inawaka baada ya muda gani.

Mkono. Kabla ya kanula kuwekwa, hakikisha ateri ya pili inatosha kuulisha mkono. Bana ateri zote mbili za kifundo, mwambie mgonjwa afumbe na kufumbua ngumi (au mfumbie wewe kama hajitambui), kisha achia ile ya upande wa kidole kidogo. Tazama kiganja, usitazame mgongo wa mkono, maana ngozi yetu nyeusi inaficha mambo. Rangi ikichelewa kurudi, usiuguse mkono huo bila daktari kuuangalia.

Damu kuganda kwenye ncha: maji ya dripu yenye heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, yapite bila kukatika. Na ukishasukuma maji, subiri. Namba inayokuja papo hapo ni ya maji, bado si ya damu.

Viwango mnavijua, ila viandikwe ukutani: pH 7.35 hadi 7.45, kabonidioksidi milimita 35 hadi 45 za zebaki, oksijeni 80 hadi 100 kwa mtu anayevuta hewa ya kawaida.

Sasa hili jingine, tulieni nalo. Namba ya skrini ni habari ya pale ilipo ncha tu. Ncha ikihama, habari inahama.

Kulikuwa na kijana mvuvi wa Matondoni, homa ya mapafu imemlaza. Alivushwa kwa boti hadi Mokowe, akasafirishwa kwa gari kupitia Witu na Garsen, akafikishwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali moja ya pwani hii, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Kihisi kikaingizwa, usiku ukapita vizuri. Alfajiri akageuzwa ubavu, kama inavyotakiwa. Punde kengele ikalia. Oksijeni 80, ikawa 65, ikashuka hadi 50 na kitu, huku kabonidioksidi ikipanda. Daktari wa zamu akaongeza oksijeni, akaongeza na msukumo wa hewa. Namba haikupanda. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilikuwa kinasema asilimia 97, lakini kikaambiwa ndicho kiongo, eti kidole kina baridi. Kila mtu aliamini uzi ulio ndani ya mshipa, kwa sababu uko ndani.

Mmoja wetu akatoka nje, akamkuta mjomba wa kijana kwenye benchi. "Mjomba, hali imebadilika. Mumuombee." Mtu wa Lamu hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Akapiga simu nyumbani.

Muuguzi wetu wa siku nyingi alipoingia zamu aliuliza neno moja tu: "Damu mmechota?" Hakuna aliyechota. Ikachotwa, ikapelekwa mbio. Oksijeni ilikuwa nyingi kuliko hata inavyohitajika, kabonidioksidi sawa. Akafunua shuka. Mkono ulikuwa umekunjika kifundoni tangu kijana alipogeuzwa. Akaunyoosha, akaweka taulo iliyokunjwa chini yake, na namba zikaanza kupanda tukizitazama. Ncha ilikuwa imeegemea ukuta wa ateri. Ukuta ni nyama hai, unakula oksijeni na kutoa kabonidioksidi, na ncha iliyoubana husoma ya ukuta, haisomi ya damu inayopita.

Mjomba alipiga tena simu, lakini boti ilikwisha ng'oa nanga. Adhuhuri wakafika mama na shangazi, na ndani ya mkoba wa shangazi mlikuwa na sanda. Mama akamwona mwanawe anapumua, akanigeukia: "Baba, ni chombo gani hicho kilichosema mwanangu anakufa?"

Basi namba ikibadilika ghafla na uso, kidole na presha ya mgonjwa havijabadilika, tazama kwanza kifundo. Kisha chota damu. Toa viputo vya hewa kwenye sindano, ifike kwenye mashine ya maabara kabla ya nusu saa, na kwa joto letu usiiache dirishani hata kidogo. Mashine ya kupumulia isiguswe kwa sababu ya kihisi peke yake, labda mgonjwa mwenyewe awe anabadilika mbele ya macho yako. Na jamaa wasiambiwe lolote kwa ushahidi wa skrini tupu. Hilo liandikwe kwa kalamu nene juu ya mashine yenyewe.

Hata mambo yakiwa shwari, linganisha na damu ya maabara kila zamu, maana kihisi hupotoka polepole kadiri saa zinavyokwenda. Uzi usikunjwe kona kali wala usipitishwe chini ya reli ya kitanda. Usioshe kihisi ili kitumike tena, hata bosi akisema bajeti imekwisha. Kabla ya kumgeuza mgonjwa, mmoja ashike mkono wenye kihisi na asiwe na kazi nyingine. Kanula ikivuja au vidole vikipauka, toa vyote, usingoje mzunguko wa madaktari. Ukishatoa, bonyeza kwa dakika zisizopungua tano, zaidi kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na usiende kunywa chai kabla hujashika vidole vyake kuona kama vina joto.