Nchi nne kwa vitanda vitatu: namna ya kupanga safari ya Ulaya ukiwa umeshavuka sitini

Wastaafu wenzangu, naandika haya kwa sababu tangu turudi naulizwa kila siku, mara arusini, mara sokoni Darajani, eti bi mkubwa mlikwendaje Ulaya nyie watatu peke yenu bila kijana wa kuwashika mkono. Tulikuwa mie nina miaka 66, mume wangu 71, na wifi yangu wa Makunduchi ambaye miaka yake haitaji ila mie kanitangulia. Sote miguu mizima alhamdulillahi, tunakaa ghorofa za Michenzani na lifti hatuijui, kwa hiyo mazoezi ya ngazi tunayo miaka.

Mwanzo binti yetu anaeishi Copenhagen alituletea ratiba kwenye wasapu, nchi saba siku kumi na nane, leo mji huu kesho ule. Nikamwambia mwanangu hii si safari, hii mbio za mwenge. Mtu wa umri wetu kutembea hakumchoshi sana, kinachomchosha ni kufunga begi na kufungua, kutafuta stesheni, kufika chumba hujui swichi ya taa iko wapi na usiku ukiamka kwenda chooni unagonga kabati. Ndo nikatoa sharti langu, tuhesabu vitanda kwanza halafu nchi zitajihesabu wenyewe. Tukatoka na vitanda vitatu: Copenhagen usiku 12, Hamburg usiku 4, Paris usiku 5. Sweden tulikwenda kushinda tu tukarudi, maana treni kutoka Copenhagen mpaka Malmö ni kama dakika 40, inaingia kwanza handaki chini ya bahari halafu inapita daraja la Öresund lililofunguliwa mwaka 2000, karibu kilomita 8 juu ya bahari. Nchi mbili, kitanda kimoja. Ukipanga hivi kila mji mkubwa unakuwa na jirani wake wa kwenda asubuhi na kurudi magharibi, na siku mvua ikinyesha au goti likikataa unabaki zako ndani na hakuna kilichoharibika.

Wakati. Kiangazi chao kinaangukia kwenye kipupwe chetu, Juni mpaka Agosti. Sasa Julai na Agosti skuli zao zimefungwa, bei zinapanda na kila mahali foleni, na joto lao msilidharau kwa kuwa nyie watu wa pwani. Nyumba nyingi Paris hazina AC, madirisha madogo, upepo wa bahari hakuna. Joto la mwaka 2003 liliua watu kama 15,000 Ufaransa na wengi wao wazee. Sisi tulichagua mwisho wa Mei mpaka Juni, na kusema kweli sababu nyengine ni wifi, kasema wazi kwamba Mwaka Kogwa, sikukuu yao ya mwaka mpya, haumkuti nje ya Makunduchi hata mumpe Ulaya nzima, na Mwaka Kogwa ni Julai. Septemba nayo nzuri.

Haya, makaratasi, na hapa ndo usilale. Viza ya Schengen moja inakupitisha nchi 29, lakini Uingereza haimo na Ireland haimo, hizo viza zake mbali. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, zikilingana ndo unaangalia utakayoingia mwanzo. Sisi ilikuwa Denmark. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024 na ukinyimwa hairudi. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla na isipungue siku 15, lakini siku 15 ni kucheza kamari, msimu ule miadi inajaa, nyie ombeni miezi mitatu au minne kabla. Kutoka Unguja inabidi uchukue boti uende Dar kutoa alama za vidole, basi weka na usiku mmoja wa kulala, usijipangie boti ya asubuhi na miadi ya asubuhi hiyo hiyo, bahari ya kusi haina ahadi.

Vidole vyenyewe! Wifi kasokota kamba za usumba tangu mtoto, vidole vimelika mpaka mashine ikawa haimuoni. Akaambiwa apanguse, arudie, apanguse tena, mara ya tatu mpaka ya nne ndo ikakubali. Usiku wa kuamkia siku hiyo jipake mafuta vidoleni, asubuhi nawa vizuri ukauke. Na mjue tangu Oktoba 2025 huko Ulaya mpakani nako wameanza kuchukua vidole na picha badala ya kugonga muhuri, kwa hiyo ndege ya kuunganisha ukiingia isiwe ya kukimbilia.

Paspoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi, ibaki na miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya, na kurasa mbili tupu. Wale waliokimbilia paspoti mpya za kielektroniki zilipoanza 2018, miaka yake kumi inaisha 2028, nenda kaitoe kabatini uangalie sasa hivi. Bima lazima iwe ya yuro 30,000 kwenda juu na iwe na matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani. Ukishapita 70 bei yake inapanda, na kama una presha au sukari sema ukweli kwenye fomu, maana ukificha ukaugua kwa hiyo hiyo presha wanakugeuzia mgongo. Halafu steitimenti za benki, karatasi ya pensheni, barua ya mwaliko ya mtoto na kitu cha kuonesha una kwenu pa kurudi, sisi tulitia hati ya shamba. Viza ikitoka isome pale pale: siku ngapi, na kuingia mara moja au mara nyingi. Ukiwa na mara moja ukatoka kwenda London kumuona mjukuu, hurudi tena Paris.

Tiketi ya ndege tulikata ya kuingilia Copenhagen na kutokea Paris. Watu wengi hawajui kama inakatwa tiketi moja namna hiyo, wananunua kwenda na kurudi mji ule ule halafu mwisho wa safari wanajikokota kurudi walikoanzia. Uliza bei zote mbili, mara nyingi tofauti ni ndogo. Na kwenye viwanja vya Ulaya msaada wa kiti cha magurudumu ni haki ya abiria na hulipi, unaomba saa 48 kabla. Mume wangu alikataa, eti yeye si mgonjwa, akatembea mwenyewe kutoka geti mpaka uhamiaji anatokwa jasho, na mara ya kurudi akakaa kwenye kiti mwenyewe kama sultani.

Treni sasa. Binti yetu alituambia tununue Interrail, yaani pasi moja ya kupandia treni nchi nyingi, kumbe hiyo ni ya wakaazi wa Ulaya, sisi wa huku yetu inaitwa Eurail na wenye miaka 60 kwenda juu wana punguzo la asilimia 10. Lakini hesabu kwanza. Sisi tulikuwa na safari ndefu mbili tu, Copenhagen mpaka Hamburg kama saa tano, halafu Hamburg mpaka Paris kwa kubadilisha Köln, kwa hiyo tiketi moja moja zilizokatwa mapema zilitoka rahisi zaidi. Jengine, Ujerumani tiketi na siti ni vitu viwili, unaweza kuwa na tiketi halali na ukasimama saa nne, lipia na siti. Na tiketi zile za bei ndogo zimefungwa na treni ile ile, ikikupita imekupita.

Kwetu ilitupita, na kosa ni langu mie. Jioni Hamburg nimekaa na simu nasoma tiketi, imeandikwa 08:46, nikapaza sauti, "Treni saa nane na dakika arubaini na sita." Nimeisoma vile ilivyoandikwa, basi. Mume wangu yuko bafuni kasikia saa nane, akili yake ya Kiswahili ikaenda mchana moja kwa moja. Kumekucha kasali, kavaa koti, kashuka bandarini kutazama meli za makontena, simu kaiacha kwenye chaji. Mie na wifi tumekaa na mabegi mlangoni tunaangalia saa, saa mbili, saa mbili na nusu, saa tatu kasoro, mtu anarudi kashika mkate wa samaki, ananiambia mbona mapema hivyo? Tukakata tiketi mpya tatu. Nilinyamaza mpaka Köln. Kwa hiyo sheria yetu siku hizi: kila tiketi inaandikwa kwenye karatasi kwa saa ya Kiswahili, na inaandikwa asubuhi, mchana au usiku. Hesabu yake toa sita, 08:46 inakuwa saa mbili na dakika 46 asubuhi, 14:30 saa nane na nusu mchana, na ikitoka kumi na tatu kwenda juu toa kumi na mbili tena, kwa mfano 20:10 ni saa mbili na dakika kumi usiku. Zinazoanzia usiku wa manane mpaka 06:59, badala ya kutoa, ongeza sita.

Afueni moja, saa zetu na za Denmark, Ujerumani na Ufaransa kiangazi zinapishana saa moja tu, kwa hiyo usingizi hauvurugiki na dawa unameza wakati wako. Dawa zote kwenye begi la mkononi, ndani ya maboksi yake, na karatasi ya daktari yenye majina ya dawa yenyewe siyo jina la kampuni tu, chukua na ziada ya wiki. Wa insulini usiiweke kabisa kwenye mzigo wa chini ya ndege, inaweza kuganda. Dawa ya maji inaruhusiwa kuzidi mililita 100 ila uitoe uioneshe. Kwenye ndege inuka utembee kila baada ya muda, kunywa maji.

Begi: lijaze, halafu panda nalo ghorofa mbili bila kusaidiwa. Ukishindwa punguza, maana treni nyingi zina vidato na mabawabu wa kukupokea mzigo hawapo. Ukiwa mjini tembea na sarafu, vyoo vya stesheni Ujerumani vinalipiwa, na sisi umri huu vyoo ni sehemu ya ratiba. Beba na chupa tupu ya maji ndogo, kopo hakuna huko, mnanielewa. Na paspoti iwe mwilini hata ukienda Malmö kushinda, polisi wanaingia kwenye treni.

Sala. Juni Copenhagen jua linazama karibu saa nne usiku na linatoka saa kumi na nusu alfajiri, tena shafaki, ule mwanga unaobaki jua likizama, haipotei sawasawa usiku kucha, kwa hiyo ukisubiri isha kwa macho utakesha. Chukua ratiba ya msikiti wa pale, na mambo ya kukusuru na kujumuisha, yaani kufupisha sala na kuziunganisha, muulize sheikh wako kabla hujaondoka. Kibla kwetu tunaelekea kaskazini, kule ni kusini-mashariki, wifi siku ya kwanza kasimama kwa mazoea kageukia Norway.

Chakula cha kupeleka: nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya, na matunda yanataka cheti isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Machungwa ya wifi, kapu zima, yalibaki uwanjani kwetu Unguja, tukayagawa kwa madereva wa teksi.

Paris ngazi za metro ni nyingi na lifti chache, tukapanda mabasi, au laini namba 14 ambayo stesheni zake zote zina lifti. Mume wangu mnara wa Eiffel kapanda kwa miguu mpaka ghorofa ya pili, vidato 674, sie wawili tukapanda lifti tukamsubiri juu. Chai ya nanaa tulikunywa Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa 1926, na hapo wifi ndo akasema sasa nimefika mahali.

Ila ukiniuliza siku iliyonikaa moyoni ni Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf, kwa Bibi Salme binti Sayyid Said, mtoto wa Sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa Mtoni 1844 akaondoka Unguja 1866, akaingia Ukristo akaolewa na Mjerumani Ruete. Treni ya mjini inakushusha pale pale lakini msijidanganye, makaburi yenyewe ni karibu hekta 390, mabasi yanapita ndani, chukueni ramani ofisini na muulize kaburi la familia ya Ruete. Inasemwa alizikwa na mchanga wa kwao aliokaa nao miaka yote. Wifi alitaka tumpelekee mwengine wa Mtoni nikamkatalia, udongo forodhani unaleta maneno. Kwa hiyo tulifika mikono mitupu, mambo ya dini yake tukamwachia Mola wake, wifi akapangusa majani makavu juu ya jiwe kwa ncha ya mtandio, akamwambia kwa Kiswahili kuwa Mtoni bado kupo. Nendeni asubuhi, mabenchi yapo mengi, na chukueni maji.