Somo: Kumjua mwandishi wa ujumbe kwa mazoea ya vidole vyake

Tuseme kundi la WhatsApp la wauza dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, limetumiwa ujumbe na namba ngeni: "Jamani ,hela za kikundi zina liwa.. ila mpo kimya". Wanashukiwa watu 4.

1. Hamisha gumzo lote liwe faili la maandishi. Usinakili kwa mkono, vidole vyako vitasahihisha makosa ambayo ndiyo unayatafuta.

2. Kwa kila mshukiwa kusanya maneno 1,000 hivi, ya kundi hilohilo. Anavyomwandikia mama mkwe sivyo anavyovutana bei ya gunia. Jumbe zilizosambazwa kutoka kwingine, tupa.

3. Hapa usikimbie. Tafuta asichokiona mwenyewe. Kwenye ujumbe wetu nafasi imekaa kabla ya koma, baada yake hakuna. "Zinaliwa" imekatwa vipande viwili. Nukta ni mbili. Kila alama peke yake wanayo wengi. Walio nazo zote kwa pamoja ni wachache. Kisha hesabu maneno madogo: ila, lakini, bali, sababu au maana. Wanatakwimu Frederick Mosteller na David Wallace, mwaka 1964, walitumia njia hii kwa makala 12 za kale za siasa za Marekani, zilizobishaniwa kama aliziandika Alexander Hamilton au James Madison: Hamilton alipenda "upon", Madison karibu hakuligusa. Makala zikaangukia kwa Madison.

4. Futa alama za wote. "Kalibu" kwa "karibu" imejaa Kanda ya Ziwa kwa waliokulia Kisukuma, haimtaji mtu.

5. Ongeza watu 2 usiowashuku kabisa. Wakifanana na ujumbe kama washukiwa, alama zako ni dhaifu, anza upya.

Maswali ya wanachama

Kaka, na simu inayojisahihisha yenyewe?
Inavuruga tahajia, na nyingine huweka nafasi baada ya nukta. Egemea maneno madogo. Simu haikubadilishii "ila" kuwa "lakini".

Mtu akiiga mwenzake makusudi?
Ataiga kinachoonekana: "xaxa", "2po", "cjui". Nafasi ya koma humponyoka, hasa ujumbe ukiwa mrefu. Soma zaidi nusu ya mwisho.

Ujumbe wenyewe una maneno 9. Nimtaje?
Hapana, dada. Maneno 9 yanakuonyesha pa kuchungulia tu. Subiri namba hiyo iandike tena, uunganishe zote. Mweka hazina wa kikundi keshachafuliwa na ujumbe huo, usimchafue na mwingine.